Kupanua huduma za chuo kikuu kwenye simu: mwongozo kamili kwa timu za TEHAMA jijini Nairobi

Mwanafunzi yuko kwenye matatu Barabara ya Thika saa moja asubuhi. Simu yake ni Tecno au itel, bando la siku limebaki megabaiti chache. Anataka kujua mambo mawili: kipindi cha saa mbili kiko chumba gani, na karo aliyotuma mzazi jana imeingia au haijaingia. Huduma za simu za chuo zipimwe kwa mtu huyu. Zikimjibu kabla hajashuka, zinafanya kazi. Zikimletea picha kubwa ya mahafali na duara linalozunguka, hazifanyi.

Mpangilio tunaoupendekeza unaanza na data, unafuata na wavuti ya simu, kisha malipo na ujumbe, na programu ya kusakinisha inakuja mwisho. Vyuo vingi huanza na programu kwa sababu inaonekana vizuri kwenye uzinduzi. Miezi sita baadaye programu inaonyesha ratiba ya muhula uliopita, kwa kuwa hakuna aliyeiunganisha na chanzo halisi cha ratiba.

Kwanza, hesabu maswali

Kaeni siku tano kwenye dirisha la msajili, ofisi ya karo na dawati la TEHAMA, na muandike kila swali linaloulizwa. Ongezeni barua pepe na ujumbe wa WhatsApp wa wawakilishi wa madarasa. Yapangeni kwa idadi. Kwa kawaida orodha inajazwa na mambo machache: salio la karo, kusajili masomo, ratiba ya vipindi na mitihani, matokeo (hasa alama zilizokosekana), hosteli, na nywila iliyosahaulika.

Chagueni manne ya kwanza. Ramani ya bewa, redio ya wanafunzi na habari za naibu chansela zisubiri. Kwa kila swali andikeni mambo matatu: data yake iko kwenye mfumo gani, nani ana mamlaka ya kuirekebisha, na hubadilika mara ngapi. Swali lisilo na mwenye data lisiingizwe kwenye simu, maana litatoa jibu la uongo na lawama zitawarudia nyinyi.

Weka tabaka kati ya simu na mfumo mkongwe

Mfumo wa wanafunzi, mfumo wa fedha na Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) havikujengwa kupokea maelfu ya simu kwa wakati mmoja. Msiruhusu simu igonge hifadhidata hiyo moja kwa moja. Jengeni API ndogo katikati, yaani kiunganishi ambacho mifumo huulizana data kupitia kwacho, yenye njia chache za kusoma tu kwa kuanzia: ratiba yangu, salio langu, matokeo yangu, masomo niliyosajili. Wavuti, programu, USSD (menyu za kupiga nyota na reli) na SMS zote zitakula chungu kimoja, na kanuni ikibadilika mnairekebisha mahali pamoja.

Ratiba na majina ya vyumba vinaweza kunakiliwa kutoka mfumo mkuu kila dakika 15. Salio la karo linahitaji kusomwa papo hapo au kunakiliwa kila malipo yanapoingia. Kila jibu libebe muda wa data, na skrini iuonyeshe: "Salio hadi 14:05". Mstari huo mmoja unapunguza foleni ya ofisi ya karo kuliko rangi mpya yoyote.

Mambo matatu huharibika hapa mapema. La kwanza ni majina. Ng'ang'a na Nyong'o yana kiapostrofi, na mfumo mmoja huandika alama iliyonyooka, mwingine iliyopinda, mwingine huiondoa kabisa. Unganisheni rekodi kwa namba ya usajili peke yake, kamwe si kwa jina. Hapohapo hakikisheni maswali ya hifadhidata yanapitisha vigezo kando badala ya kubandika maandishi ndani ya amri. Kiapostrofi kinachovunja utafutaji ni dalili kwamba mlango wa wavamizi uko wazi.

La pili ni saa. Hifadhini muda katika UTC, saa ya kimataifa, na muuonyeshe kwa saa za Afrika Mashariki, yaani kuongeza saa 3. Mkitoa kiolesura cha Kiswahili, ratiba iandikwe kwa mtindo wa saa 24: 08:00 hadi 10:00. Ukiandika "saa 2" kwa tarakimu, nusu ya darasa itasoma saa mbili asubuhi na nusu itasoma saa nane mchana, na zote zitakuwa na haki.

La tatu ndilo hatari zaidi, nalo ni kache, yaani nakala za muda za kurasa. Seva ya katikati ikihifadhi ukurasa wa salio wa mwanafunzi mmoja, inaweza kumpa mwanafunzi mwingine. Kila jibu lenye taarifa binafsi litumwe na kichwa cha Cache-Control chenye "private, no-store". Lijaribuni kwa akaunti mbili kwenye simu mbili, Wi-Fi ileile, ukurasa uleule, kabla ya kufungulia umma.

Wavuti ya simu: bajeti ya uzito

Amueni uzito kabla ya kuchora chochote. Kwenye mtandao dhaifu wa kilobiti 400 kwa sekunde, ukurasa wa kilobaiti 300 huchukua kama sekunde 6 kushuka; wa megabaiti 1.5 huchukua sekunde 30, na wakati huo mtu ameshaufunga. Kwa ukurasa wa kwanza baada ya kuingia wekeni kikomo cha kilobaiti 300 kwa kila kitu: HTML, mitindo, skripti, fonti na picha. Fonti za mapambo ziondoke, fonti ya simu yenyewe inatosha. Picha ziwe WebP, muundo wa picha nyepesi, na zisizoonekana juu ya skrini zipakiwe mtu anaposhuka. Washeni ukandamizaji wa Brotli au gzip kwenye seva. Mara nyingi mtu aliuzima miaka mingi iliyopita wakati wa kutafuta hitilafu, hakuuwasha tena.

Vipimo vya Google ni lengo zuri: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200, na mrukoruko wa mpangilio usizidi 0.1, kwa robo tatu ya ziara. Msipime kwenye kompyuta ya ofisi. Nunueni simu mbili za bei ya chini zenye RAM ya gigabaiti 2, mzipime nje ya Wi-Fi ya chuo. KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, hufikisha intaneti nzuri mabewani, na uzuri huo ndio unaowadanganya wajenzi wengi. Huduma hutumika zaidi Rongai, Kahawa Wendani na Githurai kuliko kwenye maabara.

Vitufe viwe na angalau pikseli 48 kila upande. Sehemu za kuandika ziwe na herufi za pikseli 16 au zaidi, la sivyo Safari ya iPhone huvuta ukurasa na kuukuza mtu anapogusa. Utofauti wa rangi ya maandishi na mandharinyuma uwe angalau 4.5 kwa 1, maana simu husomwa juani. Jaribuni pia kwa kisomaji skrini cha TalkBack: wanafunzi wasioona wapo, na kitufe kisicho na jina kwao ni ukuta.

Kisha ifanyeni wavuti isakinishike. Inahitajika HTTPS na faili ya manifest (maelezo ya programu) yenye ikoni za pikseli 192 na 512. Ongezeni skripti ya usuli inayokaa kati ya ukurasa na mtandao. Skripti hiyo ihifadhi ganda la ukurasa na ratiba ya wiki, ili ratiba ifunguke hata bando likiisha. Isihifadhi salio wala matokeo. Mwanafunzi akitoka kwenye akaunti, kila kilichohifadhiwa kifutwe, kwa kuwa wengi huingia kwa simu ya rafiki au kompyuta ya saiba.

Kuingia

Nywila moja kwa mifumo yote, kupitia seva moja ya utambulisho. Keycloak ni huria na inatosha. Programu ya simu itumie OpenID Connect, kanuni ya kuingia kupitia seva hiyo, pamoja na kinga yake ya PKCE, na ifungue kivinjari cha mfumo badala ya kisanduku cha nywila kilichojengwa ndani yake.

Msitoe namba ya kitambulisho kama nywila ya kuanzia. Namba za vitambulisho zimeandikwa kwenye kila daftari la mlinzi wa jengo mjini. Kurejesha nywila kusitegemee namba ya simu peke yake, kwa sababu wanafunzi hubadilisha laini mara kwa mara na laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Mpeni mwanafunzi njia mbili, barua pepe ya chuo na simu, na kila mwanzo wa muhula mfumo umwombe athibitishe namba yake.

Karo kwa M-Pesa: mahali pa kutumia muda mwingi zaidi

Huduma ikiwezesha karo kulipwa na kuonekana papo hapo, itasamehewa mapungufu mengine. Chuo cha umma kinachopokea karo kupitia eCitizen kitafuata utaratibu wa huko, lakini kanuni za kulinganisha malipo hapa chini bado zinatumika. Kwa chuo chenye paybill yake, kazi hupitia Daraja, API ya Safaricom, na njia ni mbili. Zijengeni zote.

Njia ya kwanza ni STK Push: mwanafunzi anaweka kiasi, simu inamwomba PIN. Hatua zake ni hizi.

1. Ombeni tokeni ya kuingia kwenye Daraja. Hudumu sekunde 3,600, hivyo ihifadhini badala ya kuomba mpya kwa kila malipo.
2. Tengenezeni nywila ya ombi kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda wa ombi (mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde bila nafasi), kisha kuisimba kwa Base64. Muda ulio kwenye nywila na ulio kwenye ombi lazima uwe uleule. Ukizalishwa mara mbili kwa tofauti ya sekunde moja, ombi hukataliwa.
3. Geuzeni namba ya simu iwe ya muundo wa 2547 au 2541 na tarakimu zinazofuata. Watu wataandika 07, +254 na nafasi katikati. Safisheni upande wa seva.
4. Kabla ya kutuma, andikeni rekodi ya "inasubiri". Jibu likirudi, iongezeeni CheckoutRequestID, namba ya ombi hilo. Mkisubiri malipo yakamilike ndipo muandike, kukatika kwa umeme kwa sekunde moja kutawaacha na fedha zisizo na mwenyewe.
5. Pokeeni majibu kwenye anwani ya HTTPS iliyo wazi kwa umma. Anwani hiyo isiwe na maneno kama mpesa, safaricom, sql au query, kwani Daraja hushauri yaepukwe.
6. Hitimisheni kwa ResultCode, msimbo wa matokeo. 0 ni mafanikio, 1 ni salio pungufu, 1032 mtumiaji ameghairi, 1037 simu haikupatikana au haikujibu, 2001 ni PIN yenye makosa. Kila moja iwe na sentensi yake. "Malipo yamefeli" haimsaidii mtu ambaye simu yake ilizima tu.

Sehemu ya AccountReference, inayobeba namba ya akaunti ya mlipiwa, hupokea herufi 12 tu. Namba ya usajili kama ABC/1234/2024 ina herufi 13. Ikikatwa, 2024 inakuwa 202, na malipo yanaelea. Ondoeni mikwaju (/) kabla ya kutuma na mfumo uirudishe wakati wa kupokea. Mtego huu hauonekani kwenye majaribio iwapo wajenzi wanatumia namba fupi za mfano.

Jibu la malipo linaweza kuchelewa, kutofika kabisa, au kufika mara mbili. Kwa hiyo namba ya risiti ya M-Pesa iwekewe kizuizi cha upekee kwenye hifadhidata, ili risiti moja isiingizwe mara mbili. Rekodi ikikaa "inasubiri" zaidi ya dakika 2, kazi ya usuli iulize hali yake kwa API ya kuulizia. Kila usiku linganisheni rekodi zenu na taarifa ya paybill. Tofauti zote ziende kwa mhasibu mmoja mwenye jina. Zikienda kwa barua pepe ya idara, hakuna atakayezifungua.

Njia ya pili ni mzazi aliye Kitui au Kisii anayelipa mwenyewe kwa paybill bila kufungua wavuti yoyote. Hapa mnahitaji anwani mbili: ya uhakiki na ya uthibitisho. Uhakiki hauji umewashwa, unaombwa Safaricom. Uombeni. Unawawezesha kukataa malipo yenye namba ya usajili isiyokuwepo kabla fedha hazijatoka, na hilo huondoa sehemu kubwa ya kesi za "nimelipa lakini haionekani". Kubalini namba ikiwa na mikwaju, bila mikwaju, kwa herufi ndogo na kwa nafasi. Herufi O badala ya sifuri huwa ndiyo kosa la kila siku. Msijaribu kumtambua mwanafunzi kwa namba ya simu ya mlipaji: hufika ikiwa imefichwa, tena aliyelipa ni mjomba.

Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi KSh 250,000. Kwa kozi zenye karo kubwa kuliko hapo, skrini igawe kiasi na ieleze mapema.

Arifa, SMS na simu za kabambe

Arifa za programu ni za bure lakini si za kutegemewa. Kuanzia Android 13 mtumiaji lazima azikubali, na simu nyingi za bei nafuu hufunga programu za usuli ili kuokoa betri. Kwenye iPhone, wavuti hutuma arifa kuanzia iOS 16.4 na tu ikiwa imewekwa kwenye skrini ya mwanzo. Kwa hiyo mabadiliko ya chumba cha kipindi yapitie arifa, ila mtihani uliohamishwa na malipo yaliyopokelewa yapitie SMS pia.

SMS moja hubeba herufi 160. Kiapostrofi kilichopinda, kile ambacho Word huweka chenyewe, hubadilisha usimbaji na kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe mmoja kwa Ng'ang'a unalipiwa kama miwili au mitatu. Badilisheni alama zote zilizopinda ziwe zilizonyooka kabla ya kutuma.

USSD inafaa kwa salio la karo na ratiba ya mitihani, na wazazi wenye kabambe, yaani simu za vitufe, wataipenda. Ipatikane kupitia wakala kama Africa's Talking. Skrini moja haizidi herufi 182, menyu isizidi ngazi tatu, na seva ijibu upesi kabla kipindi hakijakatika. Salio lisitolewe kwa namba ya usajili peke yake, maana namba hizo hubandikwa kwenye mbao za matangazo. Ombeni PIN ya huduma yenyewe.

Sasa programu

Jengeni programu ikiwa kuna jambo ambalo wavuti haifanyi vizuri: kitambulisho cha kidijitali chenye msimbo wa QR unaofanya kazi bila mtandao, au kurekodi mahudhurio darasani. Kwa masomo yenyewe, angalieni kwanza programu ya Moodle iliyo tayari. Kuijenga upya ni kupoteza mwaka.

Akaunti ya Google Play hugharimu dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Zote zifunguliwe kwa jina la chuo, kama taasisi, kwa barua pepe ya idara. Usajili wa taasisi hudai namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kutambulisha taasisi, basi uanzeni mapema. Akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya mkandarasi humfuata mkandarasi, na chuo hubaki na programu ambayo hakiwezi kuisasisha. Hilo liandikwe kwenye mkataba pamoja na umiliki wa msimbo.

Apple hukataa programu ambazo ni tovuti iliyofungwa kwenye fremu. Maduka yote mawili hutaka akaunti ya kukagulia, kwa hiyo tengenezeni mwanafunzi wa kubuni mwenye ratiba, salio na matokeo ya uongo, wala msiwape akaunti ya mtu halisi. Google huongeza kila mwaka kiwango cha Android kinacholengwa. Programu isiyoguswa kwa miaka miwili hutoweka dukani kwa wenye simu mpya, kwa hiyo tengeni siku kadhaa za mjenzi kila muhula hata kama hakuna kipya.

Siku ya matokeo

Chukueni wanafunzi 20,000 wanaofungua ndani ya dakika 10. Hao ni 33 kwa sekunde. Kila ukurasa ukiita API mara 6, ni maombi 200 kwa sekunde, na wengi wataburuta skrini kuipakia upya kila inapokawia, jambo linalozidisha hesabu. Jaribuni mara tatu ya hapo, yaani 600, kwa k6 au JMeter, zana za kupima mzigo, kwenye seva ya majaribio yenye nakala ya ukubwa halisi wa data iliyoondolewa majina. Kinachoanguka kwanza mara nyingi ni idadi ya miunganisho ya hifadhidata, kabla hata prosesa haijachoka. Faharasa inayokosekana kwenye safu ya namba ya usajili ndiyo ya pili.

Tiba ya bei nafuu: tayarisheni matokeo ya kila mwanafunzi mapema kama rekodi moja iliyokamilika, mtoe kitivo kimoja kila saa, na mweke ukurasa wa foleni unaosema ukweli kuhusu muda wa kusubiri. Alama iliyokosekana ionyeshwe kama "haijapokelewa kutoka idara ya" fulani, ikiwa na kitufe cha kuripoti kinachokwenda kwa mratibu wa mitihani wa idara hiyo. Mstari mtupu, au sifuri, humtia mwanafunzi hofu isiyo na sababu.

Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu moja kwa moja. Chuo kisajiliwe kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kikusanye kinachohitajika tu, na uvujaji unaoweza kumdhuru mtu uripotiwe kwake ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika KSh milioni 5. Rekodi za zahanati na za nidhamu zibaki nje ya simu. Kagueni vifurushi vya takwimu na matangazo ambavyo wajenzi huvipachika kwenye programu bila kufikiri, kwani kila kimoja hupeleka data ya wanafunzi nje ya chuo.

Kufungua milango

Anzeni na idara moja, wanafunzi 200, wiki ya tatu au ya nne ya muhula, wakati usajili umetulia na mitihani iko mbali. Kaeni nao wiki mbili. Fungulieni kitivo, kisha chuo kizima. Msizindue Ijumaa.

Kila wiki angalieni namba nne: asilimia ya malipo yaliyolinganishwa yenyewe, muda wa ukurasa wa salio kwenye simu dhaifu, idadi ya walioshindwa kuingia, na urefu wa foleni halisi ya ofisi ya karo. Hiyo ya mwisho mtu aende aihesabu kwa macho, saa nne asubuhi.

Lango la zamani lisizimwe siku ya uzinduzi. Liacheni muhula mmoja likiwa la kusoma tu, likiwa na bango linalompeleka mtu kwenye ukurasa uleule wa huduma mpya, kisha anwani zake zote zielekezwe kwa kudumu. Viungo vyake bado vimo kwenye barua za kujiunga ambazo wazazi wamezihifadhi kwenye mafaili nyumbani.